Kilomita Hamsini na Saba za Mama Kasoki

Pale Majengo, mtaa wa Goma, ukipatwa na arusi au kilio, kuna watu wawili wa kuwaita: padri na Mama Kasoki. Padri ana misa. Mama Kasoki ana viti mia tano vya plastiki, turubai nne, na masufuria ambayo mtoto wa miaka sita anaweza kuoga ndani yake amesimama. Wenye akili humwita Mama Kasoki kwanza, kwa sababu padri anaweza kubadilisha saa, lakini viti vikishakwenda kwa familia nyingine vimekwenda.

Alizaliwa Butembo, akaletwa Goma na ndoa. Mume wake, Papa Paulin, ni fundi wa kushona suti, mtu mpole ambaye vidole vyake havijawahi kuharibu kitambaa. Gari ni jambo lingine. Siku waliponunua minibasi yao nyeupe, Papa Paulin alikaa kwenye usukani mara moja tu maishani. Alikwenda mita kumi na mbili, akaingia ndani ya ukuta wa jirani, ukuta wa mawe meusi ya volkano ambao haukutikisika hata kidogo. Akashuka, akajipangusa vumbi, akamwekea mkewe ufunguo mkononi na kusema, "Mimi nitaendelea kushona." Ndivyo Mama Kasoki alivyojifunza kuendesha gari akiwa na miaka arobaini na mmoja.

Minibasi ile ilimtumikia vizuri mpaka ilipoanza kuzeeka. Vitesse ya nne, yaani gia ya nne, ilifia kwenye njia ya Kiwanja, siku alipotoka kurudisha viti vya arusi. Ya tatu ikaifuata baada ya mwezi mmoja, kama mjane asiyetaka kubaki peke yake. Fundi wake wa gari, Cubaka, alifungua, akatazama ndani kwa muda mrefu, akafunga.

"Mama, hizi mbili zilizobaki," alisema, "usizisumbue. Uzishukuru tu."

Tangu siku ile minibasi ilikuwa na vitesse mbili, na hata ukikanyaga mpaka kiatu kitoboke haikupita kilomita thelathini na sita kwa saa. Ilipiga kelele nyingi, kwa sababu ya masufuria, na mtu aliyeisikia kutoka mbali angefikiri ni treni inakuja. Ukitoka nje kuitazama, bado ilikuwa haijafika. Watoto wa shule walishindana nayo wakienda nyumbani, na walioshindwa walikuwa wale wenye mabegi mazito tu.

Njia yenyewe, ile inayoteremka kutoka Majengo kuelekea Murara, kwa miaka mingi ilikuwa mawe na vumbi, na hakuna aliyeweza kukimbia hata kama ana haraka. Halafu wakaweka kaburimbo, lami nyeusi inayong'aa. Mwezi ule wa kwanza kila mwenye injini alirukwa na akili. Pikipiki zilipita kama zimetumwa. Mtoto mmoja wa miaka saba, Tuyisenge, aligongwa na gari mbele ya geti la shule. Hakufa, lakini mguu wake ulivunjika mahali pawili, na mpaka leo anatembea na fimbo. Wazazi waliitisha mkutano wa kutaka njia ile itafutiwe dawa, na Mama Kasoki alitoa viti mia mbili bila kuomba kitu.

Dawa ilikuja. Kampuni moja iliyoitwa Jicho Salama ilipewa kazi ile, ikasimika mlingoti mweupe karibu na shule, juu yake kamera, na kabla yake kibao chenye duara jekundu na namba arobaini. Ukipita zaidi ya kilomita arobaini kwa saa, kamera inapiga picha, inasoma plake, kile kibao cha namba za gari, na amende, yaani faini, inakuja yenyewe kwenye simu ya mwenye gari. Siku ya kuizindua Mama Kasoki alipiga makofi kuliko watu wote, na akalala usingizi mzuri, kama mtu ambaye sheria mpya haimhusu.

Wiki tatu baadaye alikuwa uani akisugua sufuria kwa majivu, simu ikalia. Alifuta mkono kwenye kitenge, akasoma. Akasoma tena. Akamwita mumewe.

Papa Paulin alikuja na futi yake shingoni, akavaa miwani.

"Gari yenye plake hii," alisoma polepole, "ilionekana ikikimbia kilomita cinquante-sept kwa saa mahali pa kilomita quarante." Akavua miwani. "Hamsini na saba! Kasoki, ulikuwa unakimbilia nini?"

"Paulin, weye unaijua ile gari."

"Ninaijua. Ndiyo maana ninauliza."

Habari ile haikukaa uani. Kufika jioni, vijana wa kona walikuwa wanasimama na kupiga saluti minibasi ikipita. Walimpa jina la Mama Ndege. Mama mmoja wa parokia alimshika mkono baada ya misa ya Jumapili akamwambia kwa sauti ya huruma, "Mama Kasoki, sisi wote tuna haraka, lakini tuwaonee huruma watoto." Neno lile lilimchoma. Watu wangemwita mwenye gari mbovu, mwenye masufuria meusi, angecheka. Lakini yeye kuambiwa kwamba anakimbia mbele ya geti lile ambalo Tuyisenge aligongwa!

Jambo la pili lilikuja Jumatatu, limevaa kofia. Alikuwa Papa Ruffin, mfanyabiashara wa jibini kutoka milima ya Masisi. Minibasi ilikuwa imetangazwa kuuzwa tangu miezi minane, na Papa Ruffin alikuwa amekuja kuiangalia mara moja, akaisikiliza ikinguruma, akasema kwa adabu kwamba atamwomba kwanza Mungu. Hakurudi. Sasa alirudi anatabasamu.

"Mama, nimesikia," alisema akiizunguka minibasi na kuipapasa ubavuni kama ng'ombe wa mnada. "Siku ile niliidharau. Kumbe iko na nguvu! Muuzaji anaweza kusema uongo, fundi anaweza kusema uongo. Lakini mashine yenyewe imeshuhudia. Sasa sema bei yako."

Papa Paulin, aliyekuwa anashona mlangoni, alisimamisha cherehani.

Mama Kasoki alimwomba Papa Ruffin ampe nafasi mpaka Jumamosi. Alipoondoka tu, Papa Paulin alivuta kiti.

"Sikiliza, bibi yangu. Ile amende ni kidogo. Gari ni kubwa. Lipa, uza, nyamaza."

"Akifika Sake tu, hata Masisi bado, atajua nimemudanganya."

"Hukumudanganya. Mashine ndiyo ilimudanganya."

"Uongo wa mashine, nikiuchukua na kuuuza, unakuwa wangu," alisema Mama Kasoki. Kesho yake asubuhi alivaa kitenge chake cha sikukuu, akaenda ofisi ya Jicho Salama kwa miguu, ili hata njiani asiandikwe tena.

Mkuu wa ofisi aliitwa Luc, kijana wa miaka thelathini na kitu, shati limenyooshwa, tai imebana. Hakuwa mtu mbaya. Alimpa kiti, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akatabasamu kama daktari ambaye mgonjwa amemwambia anaumwa na jini.

"Mama yangu, unajua kwa nini tuliweka mashine? Mutu anabembelezwa. Mutu iko na shemeji, iko na njaa, iko na rafiki wa zamani. Mashine haina shemeji. Haibembelezwi."

"Nakubali. Haibembelezwi. Lakini inasikia?"

"Haina haja ya kusikia. Inaona."

"Basi nionyeshe kile iliona."

Luc aligeuza kompyuta. Kwenye picha, minibasi ilikuwa imebeba viti mpaka angani, na nyuma ya kioo Mama Kasoki alionekana mdomo wazi kabisa. Alikumbuka: alikuwa anaimba wimbo wa kwaya. Lakini jicho lake halikukaa hapo. Kwenye kona ya picha, kando ya gari lake, kulikuwa na nusu ya gurudumu la mbao lililopakwa rangi ya kijani, mguu mmoja wenye ndala ya mpira, na kabichi.

"Hii ni chukudu!" alisema. "Hii ni chukudu ya Fiston!"

Chukudu ni chombo cha mbao chenye magurudumu mawili, hakina injini wala pedali. Penye mlima mwenyewe anakisukuma kwa nguvu za kifua. Penye mteremko anaweka goti moja juu yake, anashika usukani, na mengine anamwachia Mungu. Na njia ya kwenda Murara ni mteremko mtupu.

Luc aliinama, akaangalia. "Inawezekana," alisema. "Lakini chukudu haina plake. Kompyuta haiwezi kuandika kitu ambacho hakina plake."

"Kwa hiyo imeniandika mimi."

"Imeandika yule inamujua."

"Bwana Luc, kikombe kikivunjika nyumbani mwangu, sipigi yule mutoto ambaye jina lake linafika haraka mudomoni. Ninauliza kwanza."

Luc alikohoa, akasema kwamba atahitaji ushahidi mwingine, maana mguu na kabichi havitoshi.

Mama Kasoki alimkuta Fiston soko la Murara akishusha mzigo. Alikuwa mwanaume mwenye mabega mapana na sauti kubwa, aliyezoea kuteremka kutoka Kibumba na kabichi kabla watu hawajanywa chai. Mama Kasoki alikuwa amejiandaa kwa ugomvi. Njiani alikuwa amepanga maneno ya kumbana ili asikane.

"Fiston, ile kamera ya shule ilikupima," alianza kwa ukali. "Ulikuwa unakimbia, na amende ikaja kwangu."

Fiston aliweka kabichi chini. "Ilinipima ngapi?"

"Cinquante-sept!"

Fiston alishika kichwa kwa mikono miwili. Kisha akageuka akaita mwenzake upande wa pili wa soko, sauti ikapita juu ya wauza viazi wote: "Benny! Benny, kuja! Cinquante-sept! Mashine iliandika! Weye miaka yote unasema chukudu yangu ni kitanda cha mugonjwa!"

Wakaja watu sita wa chukudu, wakamzunguka Mama Kasoki, kila mmoja akitaka kuona simu. Benny alisoma ujumbe ule akanuna waziwazi. Fiston aliomba apewe karatasi yenye muhuri, kama ipo, ili aibandike ukutani.

"Utakuja kusema mbele yao kwamba ni weye?" aliuliza Mama Kasoki, bado haamini.

"Mama, hata leo!"

Alikwenda kesho yake, amenyoa ndevu, amevaa shati la Krismasi. Mama Kasoki alikaa pembeni. Luc alimuuliza kama anakubali kosa.

"Ninakubali kabisa," alisema Fiston. "Andika jina langu na herufi kubwa."

Luc alibonyeza kompyuta yake. Sehemu ya plake ikawa nyekundu. "Inataka plake."

"Andika FISTON."

Luc, kwa haki yake, alijaribu. Kompyuta ikakataa. Akajaribu kuacha wazi. Ikakataa. Akajaribu kufuta kosa la Mama Kasoki. Kompyuta ikamwuliza kosa lile lihamishiwe plake gani.

"Basi siwezi kukuazibu," alisema mwisho.

"Mimi ninataka," alisema Fiston.

"Haiwezekani."

"Na Mama Kasoki?"

"Mama Kasoki iko na plake."

Mama Kasoki alisogeza kiti chake mpaka mbele ya kompyuta. "Bwana Luc," alisema, "weye unaamini mashine yako?"

"Ninaiamini."

"Basi Jumamosi asubuhi kuja barabarani. Tuijaribu mbele ya watu."

Luc alikubali bila kusita, kwa sababu aliiamini kweli.

Jumamosi ile njia ilijaa. Walikuja wanafunzi, wamama wa parokia, watu wa chukudu na vijana wa saluti. Papa Ruffin alikuja na kofia yake, kwa maana ilikuwa ndiyo siku ya kupewa jibu. Papa Paulin alisimama nyuma ya watu wote kama mtu aliyepotea njia. Cubaka fundi aliketi ndani ya minibasi kando ya dereva, ameshika simu inayoonyesha mwendo, ashuhudie.

Fiston alipakia kabichi zake zote. Alisema chukudu tupu haina adabu, inaruka-ruka. Wakaanza pamoja kutoka juu. Mama Kasoki alikanyaga mpaka chini. Minibasi ilipiga kelele, viti vikacheza juu, masufuria yakalia, na Cubaka akapaza sauti dirishani kama mtangazaji wa mpira: "Trente! Trente-deux! Trente-quatre! Mama, usikanyage tena, tutapoteza ya pili! Trente-six!" Thelathini na sita, na hapo ikagota. Kwa upande wa kushoto kitu cha kijani kikapita, goti juu, ndala inatoa moshi, na sauti ya Fiston ikiwaambia watu watoke njiani. Kamera ikawaka.

Luc aliangalia kompyuta yake ya mkononi. Akainyanyua juu, watu waone.

"Plake ya Mama Kasoki," alisema. "Cinquante-quatre, hamsini na nne. Hili ni kosa la pili."

Watu wakazomea mpaka njiwa wakaruka kutoka paa la shule. Cubaka alionyesha simu yake; Luc alisema simu ya mtu binafsi haikupimwa na mamlaka yoyote. Mtu mmoja akasema Fiston ashuhudie. Luc akasema Fiston ana furaha kupita kiasi. "Labda kwenye muteremuko gari ya mama inashituka kidogo," aliongeza. "Magari ya zamani yanafanya hivyo."

Mama Kasoki alizima injini, akashuka. Alikuwa na jasho, na kitambaa cha kichwa kimekaa upande.

"Ile jeep nyeupe ni yako?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Iko na plake?"

"Bila shaka."

"Basi iweke pale, kwenye ule mustari, mahali gari yangu ilikuwa inapita. Izime. Ufunguo kaa nao weye mwenyewe."

Luc alicheka, akaangalia watu, akaona hawacheki. Akaiweka jeep, akavuta breki ya mkono, akazima, akashuka na ufunguo. Mama Kasoki hakutosheka. Alichukua mawe manne pembeni, mawe hayakosekani Goma, akayasukuma chini ya magurudumu yote manne, kila gurudumu jiwe lake. Kisha akajipangusa mikono.

"Sasa haishituki," alisema.

Ikabidi kumngoja Fiston. Kuteremka kulimchukua nusu dakika. Kupanda na mzigo ule kulimchukua robo saa, na wanafunzi kumi wakimsukuma nyuma. Alipofika juu alipumzika, akanywa maji, akapiga ishara ya msalaba. Akashuka.

Alipita jeep kama upepo unavyopita nyumba. Kamera ikawaka.

Luc hakuwahi kutazama kompyuta, maana simu ililia kwanza ndani ya mfuko wake. Aliitoa, akasoma. Ufunguo wa jeep ulikuwa bado unaning'inia kwenye kidole chake. Akatazama jeep, akatazama mawe manne, akasoma tena.

"Soma kwa sauti," alisema Mama Kasoki, bila ukali.

"Gari yenye plake hii," Luc alisoma, "ilionekana ikikimbia kilomita cinquante-neuf."

Hakuna aliyesikia neno la mwisho. Watu walikuwa wameshikana, wengine wamekaa chini kabisa. Mama yule wa parokia alilia machozi ya kicheko kwenye bega la mtu asiyemjua. Fiston, aliyekuwa amesimamisha chukudu mbali huko chini, alirudi akikimbia kwa miguu, akiuliza kila mtu: "Ngapi? Ngapi?" Alipoambiwa hamsini na tisa alipiga magoti barabarani.

Lakini kicheko cha watu wengi kina mlango wa nyuma. Kijana mmoja alisema, "Basi hii mashine ni mwizi," na mwingine akasema, "Tuivunje," na mawe, kama nilivyosema, hayakosekani Goma. Mikono mitano, sita, ilikuwa tayari imeyashika.

Mama Kasoki alikwenda akasimama mbele ya mlingoti, mgongo wake umeugusa.

"Mutu atupe," alisema. "Lakini atanipata mimi kwanza, na leo sitakuwa na viti kwa kilio changu mwenyewe, vyote viko juu ya gari."

Mikono ikasita.

"Tuyisenge iko wapi? Kuja hapa, mutoto wangu." Mtoto alikuja na fimbo yake. "Tangu huu mulingoti umewekwa, nani tena amegongwa hapa? Semeni." Tuyisenge alitikisa kichwa. "Basi hatuvunji. Mutu akikosea hesabu tunamufundisha, hatumukati kichwa. Mimi sikuja kutetea wenye kukimbia. Nilikuja ju sikukimbia."

Mawe yakashuka moja baada ya jingine. Luc, ambaye tai yake ilikuwa imelegea, alimkaribia.

"Mama, nitafuta. Zote mbili. Nitatafuta namna hata kompyuta ikatae. Aksanti."

"Na wengine?"

"Wengine gani?"

"Wale walilipa wakanyamaza. Wale hawana Cubaka wala Fiston wala nafasi ya kupoteza asubuhi tatu. Angalia picha zao zote, pembeni, kama kuna gurudumu."

Luc alifungua mdomo aseme ni kazi nyingi. Akaona watu, akaona jeep yake imefungwa kwa mawe, akaufunga. Alizitazama zote, na ilimchukua siku tisa. Alipata kumi na moja, na wenyewe walirudishiwa chao. Kamera nayo ilishushwa, ikatengenezwa, ikarudishwa juu ikiwa na desturi mpya: ikiona vitu viwili pamoja, haiandiki mpaka mtu mwenye macho ameangalia.

Siku ileile ya Jumamosi, watu wakitawanyika, Mama Kasoki alimwendea Papa Ruffin.

"Umeona mwenyewe," alimwambia. "Vitesse mbili. Trente-six, na huo ni muteremuko."

Papa Ruffin alifuta machozi kwa kofia. "Mama, mashine ilisema uongo, weye umesema kweli, na mimi nimebaki bila gari." Akaagana nao, akaenda zake.

Papa Paulin hakumlaumu mkewe. Alishona tu, siku mbili mfululizo, cherehani ikisema yale ambayo yeye hakuyasema. Siku ya kumi na tano Papa Ruffin alirudi. Hakuja kwa ajili ya gari. Alikuwa anamwoza binti yake, alihitaji viti mia tatu na masufuria manane, na alikuwa amefikiri kwamba mwanamke anayeharibu biashara yake mwenyewe mbele ya mji mzima hatamletea viti vilivyopasuka na kumwambia ni vizima. Papa Paulin alipewa kazi ya suti tano za upande wa bwana arusi. Cherehani ikabadilisha wimbo.

Lilibaki jambo moja ambalo Mama Kasoki hakuweza kulimeza. Alimfuata Fiston sokoni, ambako sasa aliitwa Cinquante-neuf na watu wote isipokuwa Benny.

"Amende yangu ilifutwa," alimwambia. "Mwendo wako haukufutwa. Ile ni mbele ya shule, Fiston."

Fiston alikunja uso. "Mama, kile kibao waliandikia watu wa injini. Wao wako na breki. Mimi breki yangu ni hii," akainua mguu, akamwonyesha ndala iliyobaki nusu. "Nikisimamisha mzigo wa kilo mia tatu pale katikati, nani atanisukuma tena? Mwenye gari anapunguza na kidole cha mguu. Mimi ninapunguza na mugongo. Hiyo ni haki?"

Mama Kasoki alifikiri, maana swali lilikuwa la kweli. "Si haki sana," alikubali. "Lakini mutoto akigongwa na kabichi kilo mia tatu, haulizi kama zilikuwa na injini."

Fiston aliinama akaanza kupanga kabichi zake upya.

Jumatatu, saa moja na nusu asubuhi, wakati watoto wanaingia shule, Mama Kasoki alikuwa anateremka na viti vya kilio cha Murara. Mbele yake magari yalikuwa yamesimama kwenye mstari mrefu, honi zinalia. Alitoa kichwa dirishani. Mbele kabisa Fiston alikuwa ameshuka kwenye chukudu yake. Alikuwa anatembea nyuma yake, ameilalia kwa mwili wote, visigino vimechimba kwenye lami, akiivuta nyuma isimkimbie, mishipa ya shingo imetoka kama kamba. Alikwenda hatua moja, akatukana kidogo, akaenda hatua nyingine. Watoto kwenye geti walikuwa wanamhesabia hatua kwa Kifaransa, wote pamoja, wakipiga makofi.

Honi ziliongezeka. Mama Kasoki alivuta breki ya mkono, akatafuta jiwe akaliweka chini ya gurudumu, akafungua kamba moja iliyofunga viti. Akapita kando ya magari yote na madereva wao wenye hasira, akafika mbele, akaifunga kamba ile nyuma ya chukudu, akajizungushia mkononi mara mbili, akaegemea nyuma.

"Sasa polepole," alimwambia Fiston. "Mimi niko hapa nyuma."

Wakaanza kuteremka.